Sahani ya Makokha

Ajiambo alikuwa na mwili, na hakuuonea haya. Akiketi kwenye kibanda chake cha mboga pale sokoni Voi, kibanda kinajaa, na mteja akiuliza kitu anajibiwa kwa sauti ya kufika stendi. Ndiye aliyewafundisha majirani zetu Wadawida, wenyeji wa huku, kula mrenda, ile mboga yetu ya kuteleza, mpaka siku asipouleta wanamnunia. Sisi wa kutoka magharibi tulimwita Mama Reuben, kwa jina la mwanawe aliye Mombasa. Mimi ni Kavetsa, au Mama Festus, jirani yake wa ploti moja mtaani Kaloleni, mlango kwa mlango, na kama kuna mtu aliyegombana naye kunishinda, ajitokeze nimwone.

Niseme mapema: mimi si mtu wa mapepo. Nafuga kuku, nachemsha mayai nauza stendi, na Jumapili niko kanisani. Mtu akiniletea habari za majini huwa namwuliza kama amekunywa maji ya kutosha, maana jua la Voi linaweza kumwonyesha binadamu mambo. Hili ninalolisimulia nililiona mchana kweupe, na maji nilikuwa nimekunywa.

Mumewe aliitwa Makokha, mtu wa Samia, mrefu, mkavu, mpole kupita kiasi. Walikuja huku kwa kazi ya mkonge. Mkonge unakatwa kuanzia gizani kabla jua halijachoma, na mtu akimaliza kipande chake anarudi nyumbani saa nane mchana, na njaa ya kula meza. Baadaye Makokha aliacha mkonge akaingia kwenye mashimo ya vito upande wa Mwatate, lakini saa ya kurudi ikabaki ile ile. Mwamba wa kule una unga mweusi unaong'aa kama wa penseli. Alikuwa akinawa kwenye beseni mlangoni, maji yanageuka kijivu yenye kumetameta, halafu anakaa kula. Na hakumaliza chakula hata siku moja. Aliacha tonge moja la ugali pembeni ya sahani, anasema, "Hilo la mpishi." Ajiambo analila huku anacheka. Nilikuwa nawaonea wivu, sitaki kudanganya.

Kisha shimo likamwangukia. Wenzake walichimba mpaka kuta zikaanza kuwafuata na wao, wakaambiwa waache. Mwili haukupatikana. Nyumbani Samia wakazika mgomba badala yake, kama tunavyofanya mtu akipotea asionekane: shina likavikwa shuka, likaombewa, likafukiwa. Ajiambo alikwenda, akalia, akarudi Voi. Kesho yake saa saba akasonga ugali, akapakua sahani ya Makokha, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka mezani pamoja na beseni la maji na kipande cha sabuni.

Nilinyamaza. Msiba mwache mtu ausage mwenyewe, utaisha. Miaka ikapita, na sahani bado inapakuliwa.

Yeye naye akazidi kunenepa. Hilo lisingekuwa neno, ila alipata henia kwenye kovu la zamani, pale alipopasuliwa kumtoa Reuben. Ilivimba hadi ikawa kama papai chini ya leso. Daktari wa upasuaji alimwambia wazi, mimi nikiwa nimekaa pembeni: utumbo unaweza kujinyonga humo ndani wakati wowote, na ukijinyonga mbali na hospitali ni kifo. Lakini kwa uzito wa kilo mia moja na nne hangeweza kumpasua, nyuzi zisingeshika na usingizi wa dawa ungekuwa hatari. Ashuke hadi tisini na mbili kwanza. Tulitoka pale, mimi namtukana daktari, Ajiambo ananiambia nipunguze sauti.

Ndivyo tulivyofika kwa Mbinya, msichana Mkamba wa kliniki ya lishe, mpole lakini hapindishi maneno. Alimpima urefu na uzito, akamwuliza umri. Akaeleza kwamba kwanza anakadiria kile mwili unachohitaji ukiwa umepumzika tu.

"Hata ukilala kutwa usiinue mkono, Mama, mwili unakula," alisema. "Moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, ini liko kazini. Sehemu kubwa ya chakula chako inaishia hapo. Halafu tunaongeza cha kutembea na cha kubeba mboga. Tukishapata jumla ya siku, tunaipunguza kidogo, si sana, ndipo mwili uanze kula akiba yake."

Ajiambo alikuwa akimsikiliza kwa umakini ambao hata mchungaji hajawahi kuupata. "Kwa hivyo hata aliyelala ana njaa," akasema.

"Ndiyo, Mama. Mwili haufungi duka."

Wakati huo sikuwaza kitu. Nilikuwa nikiangalia hesabu kwenye kikokotoo cha Mbinya: kalori elfu moja mia saba kwa siku, na akifuata, atashuka karibu nusu kilo kila wiki. Mbinya alimwuliza anakula nini tangu asubuhi hadi kulala. Ajiambo akataja vyote. Sukari ya chai, njugu anazotafuna sokoni, hata ndizi anayopewa na jirani wa kibanda. Hakuficha kitu, na mimi ni shahidi. Akapangiwa.

Akafuata. Jamani, alifuata! Ugali ukawa wa ngumi moja, mboga tele, dagaa wa omena kidogo, chai ya rangi. Nilikuwa nakaa naye chakula cha jioni kama askari jela. Mwisho wa mwezi tukarudi kwa mizani, na mizani ikapanda. Kilo mia moja na tano na nusu.

"Hii mashine imelewa," nikasema.

Mbinya akapanda yeye, mashine ikamsoma sawasawa. Nikapanda mimi, nikajuta. Ajiambo aliweka mkono juu ya ule uvimbe, na njia nzima aliuacha hapo.

Jibu nililipata kwa sababu ya chumvi. Nilikwenda kuazima saa kumi jioni, saa ambayo huwa sipo, nikamkuta mezani na kikombe cha chai. Mbele yake sahani ya Makokha, ugali wa mwanamume mkata mkonge na omena za kukaanga. Alikuwa anakula taratibu, macho mlangoni.

"Ala! Na hiyo je?"

"Hii si yangu, Mama Festus. Ni ya Makokha. Asipokuja, nitamwaga chakula cha mume wangu?"

"Inaingia tumbo la nani?"

"Langu. Lakini chakula ni chake."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, halafu kicheko kikanigeukia kikawa machozi. Hakuwa amedanganya. Miaka yote hiyo alikuwa akila sahani mbili, na kwa hesabu yake alikula moja. Huko kwetu mke hamwagi chakula cha mume, na hasemi kuwa ni chake, basi angekitaja kwa Mbinya kwa jina gani?

Nilimburuta kliniki nikasema mwenyewe. Mbinya hakucheka. Alimshika mkono. "Mama, mwili haujui sahani ni ya nani. Hiyo moja tu ni zaidi ya nusu ya siku yako nzima. Acha kuipakua."

"Hilo hapana," Ajiambo akasema. "Aje akute meza tupu?"

Tulivutana. Mwishowe tukakubaliana hivi: apakue, afunike, asiiguse. Saa kumi mimi nitaichukua niwape kuku wangu. Wiki ya kwanza ikaenda hivyo, na kuku wakanenepa kwa niaba ya binadamu.

Wiki ya pili nikafunua sahani, nikakuta tupu. Imelambwa. Pembeni limebaki tonge moja la ugali.

Nilipandwa na hasira zangu zote. "Mama Reuben, umekula! Unataka kufa? Sema tu unataka kufa nijue nisijisumbue!"

"Sijala," akasema kwa sauti ndogo, yeye wa sauti ya stendi. "Angalia beseni."

Maji yalikuwa ya kijivu. Nilipoyatikisa, yakametameta.

"Umetia mkaa."

"Mkaa haung'ai hivyo." Alikuwa ametulia kunishinda, na hilo ndilo lililonichoma. "Siku zote nilikuwa namlia chakula chake, Kavetsa. Aliona nakula mimi, akaniachia. Sasa amesubiri mpaka ameona kweli nimeacha."

Akalichukua lile tonge akalitia mdomoni. Nilitaka kumpiga mkono litoke, sikuweza.

Niliwaza kama mtu yeyote mwenye akili angewaza. Mtu anaweza kula asijijue, hasa mwenye njaa na msiba. Kama ni hivyo, kilo hazitashuka, utumbo utajinyonga, na mimi ndiye nitakayempigia Reuben simu. Basi siku iliyofuata, alipokwisha kupakua na kufunika, nilimtoa nje, nikafunga mlango kwa kufuli, ufunguo nikatia kwenye sidiria. Yeye nikamtuma sokoni. Chumba chake kina mlango huo mmoja, na dirisha la waya ambalo hata paka hapiti. Nikaweka kigoda changu mlangoni, nikakaa.

Saa nane ya Voi mnaijua. Hakuna upepo, mabati yanalia, mlima wa Sagalla unaonekana kama unatetemeka. Kuku wangu walikuwa wamelala chini ya tangi la maji, midomo wazi. Ghafla wakasimama wote kwa pamoja. Hawakulia. Wakazunguka nyuma ya nyumba mmoja baada ya mwingine, wakaniacha peke yangu.

Halafu nikasikia maji. Ndani ya chumba nilichofunga mwenyewe, mtu alikuwa ananawa. Si harakaharaka, ni ule unawaji wa mtu aliyetoka kazini, anasugua, anasuuza, anasugua tena. Sahani ya juu ikaondolewa, ikawekwa mezani. Kiti kikaburutwa.

Niliogopa. Sitajifanya shujaa hapa, niliogopa mpaka meno yakagongana kwenye joto lile. Nilichoweza ni kuketi na mgongo wangu umeegemea mlango, nasikia mtu anatafuna upande wa pili wa ubao.

Ajiambo aliporudi alinikuta pale pale. Alinitolea ufunguo kwenye sidiria kama mtoto, akafungua. Sahani tupu, tonge pembeni, na juu ya tonge alama za vidole vitatu, nyeusi, zinang'aa. Sakafu ilikuwa kavu, haina hata unyayo. Nilikwenda kwangu nikajifunika shuka, jua likiwaka.

Siku ya mizani ikafika, naye alikuwa ameshuka. Mwezi uliofuata, tena. Kila mara karibu kabisa na vile Mbinya alivyokadiria, naye kila mara anapiga hesabu upya, maana mwili ukipungua mahitaji yake nayo hupungua. Siku moja nilibaki nyuma nikamwuliza.

"Kama angekuwa anakula na ile sahani ya mume wake, kila siku?"

"Asingeshuka, Mama Festus. Angepanda kama mwanzo. Hii hesabu ni kadirio tu, inaweza kukosea kidogo huku na huku. Lakini haiwezi kukosea sahani nzima ya ugali."

Basi hiyo ndiyo hesabu niliyopewa, na ndiyo iliyoninyima usingizi. Si Ajiambo anayekula. Nilikuwa nimetamani iwe ni yeye.

Yeye mwenyewe alikuwa na furaha ya ajabu. Gauni zilimlegea, magoti yakaacha kulia. Aliomba kwa Mbinya jambo moja tu: "Nihesabie tonge moja la ugali kila siku, usiniondolee hilo." Mbinya akamhesabia bila kuuliza.

Kilo tisini na mbili alizifikia kabla ya mvua. Akapewa siku ya kupasuliwa. Jioni ya kuamkia kulazwa, jua bado liko juu, alikuja mlangoni kwangu.

"Nitakuwa huko siku kadhaa. Utampakulia."

"Ng'o! Mimi? Nimpakulie maiti?"

"Kavetsa." Hakuwa ameniita jina hilo kwa sauti hiyo kabla. "Naogopa kisu. Naogopa nisiamke. Nikilala pale mezani nijue amekula, angalau nitalala."

Nikamwambia ndiyo, halafu nikamwambia aondoke mlangoni kwangu kabla sijabadili nia.

Kesho yake saa ambayo alikuwa akiingizwa chumba cha upasuaji, nilikuwa jikoni kwake, nasonga ugali na mikono isiyo yangu. Nilipakua. Nikaweka beseni, nikaweka sabuni. Kisha nikasimama mlangoni, na kwa kuwa siwezi kuogopa bila kugomba, nikagomba.

"Makokha! Mkeo hayupo. Anapasuliwa tumbo sasa hivi, na anaweza kufa. Alikuwa anakufa kwa sababu yako, kwa kula sahani yako, ulijua hilo? Na leo hakuna mpishi wa kumwachia tonge. Nipo mimi, na mimi tonge lako silitaki!"

Nikafunga, nikakaa kwenye kigoda. Kuku wakaondoka. Maji yakasikika, sahani ikafunuliwa, kiti kikaburutwa. Kisha kimya. Nilingoja nisikie kutafuna kwa muda mrefu kama siku ile. Nikasikia mara moja tu, tonge moja, likamezwa. Kiti kikarudi mahali pake. Na kilichonishangaza ni kwamba hofu iliniishia hapo hapo, nikabaki na huzuni tupu, ya kumkumbuka yule mrefu mpole.

Nilipofungua, maji ya beseni yalikuwa ya kijivu. Ugali ulikuwa mzima. Omena zote zipo. Pembeni palimegwa tonge moja tu.

Nilifunga sahani ile kwa leso yangu nzuri, nikapanda bodaboda hadi hospitalini, nikangoja saa ya kuona wagonjwa. Ajiambo alikuwa ameamka, midomo mikavu, tumbo limefungwa bendeji. Nesi alisema kila kitu kimekwenda sawa, ila asile kitu kwanza. Nikafungua leso magotini nikamwonyesha. Sikusema neno, na mimi kukaa bila kusema si jambo dogo.

Akatia kidole chake kwenye lile pengo la ugali.

"Amechukua la mpishi," akasema. "Mengine ameniachia mimi."

Akalia, ameshika tumbo lisifunguke, na mimi nikalia, sahani iko magotini inapoa. Nesi alifikiri ni maumivu akaja na sindano.

Tangu siku hiyo saa nane ni saa nane tu. Kuku hawaondoki. Ajiambo aliporudi alipakua mara mbili tatu, sahani ikakutwa kama ilivyofunikwa, maji safi, sabuni kavu. Alinuna. Alikuwa mzima, kidonda kinapona vizuri, lakini alikuwa akikaa mezani kama mtu aliyesahauliwa na gari la mwisho.

Tulipokwenda kwa Mbinya alipigiwa hesabu mpya. Safari hii aliongezewa kidogo, maana mwili unaoziba kidonda unahitaji zaidi, mayai hasa, na hapo nikajitolea. Tulipokuwa tunainuka, Ajiambo akakaa tena.

"Daktari, ulisema hata aliyelala tu, mwili wake bado unahitaji chakula."

"Ndiyo, Mama."

"Mpaka lini?"

Mbinya alinitazama mimi, nikatazama sakafu. Akaweka kikokotoo chini. "Mpaka moyo usimame, Mama. Ukisimama, hahitaji kitu tena. Hana njaa."

Ajiambo akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali hesabu baada ya kuirudia mwenyewe. "Kumbe," akasema. "Nilidhani analala huko chini na njaa. Miaka yote hii, hilo ndilo lililokuwa likiniua."

Tulirudi nyumbani bila kugombana. Saa saba akasonga ugali, wa kwake, wa ngumi moja. Alipakua sahani moja akanawa kwenye beseni, na mimi nikakaa naye kuhakikisha anakula mayai. Alikula akamaliza, isipokuwa tonge moja, akalisogeza pembeni ya sahani kama alivyokuwa akifanya Makokha, akaifunika. Kisha akaniambia nimpishe, anataka kulala kidogo.